Uzi: Wakati na mahali pa kufanya kazi bila kukatizwa katika miji yetu ya Lamu na Malindi

Mkaazi wa Mkomani (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum wanajamvi.

Nimewasikia watu wengi wanaofanya kazi za kuandika, kutafsiri, kutunza hesabu au kujisomea wakilalamika kwamba Lamu hapafanyiki kazi ya kichwa, kwa kuwa kila baada ya muda mfupi mtu anabisha hodi, na adabu haimruhusu mwenye nyumba kunyamaza. Wapo waliohamia Mombasa kwa hoja hiyo. Mimi nashikilia kinyume chake. Mji wetu una wakati wa utulivu na una mahali pa utulivu, na vyote viwili vilipangwa na waliotutangulia. Kinachotushinda ni kwamba hatuwapi watu wetu saa inayojulikana ya kutupata. Nitaeleza kwa urefu, na mwenye uzoefu mwingine namwomba auweke hapa.

Kazi yangu ni kunukuu miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuiweka katika hati za Kirumi. Asiyeijua kazi hii huidhani ni ya mkono tu. Katika miswada mingi ya zamani herufi ya be husimama mahali pa b, pa p na pa mb. Dali husimama mahali pa d na pa nd. Na harakati, zile alama za vokali, ni tatu ilhali vokali zetu ni tano, kwa hiyo kasra huwa i au e, na dhumma huwa u au o. Neno moja fupi linaweza kusomeka kwa njia nyingi, na kinachoamua ni mizani nane za kila kipande, kina kinachoviunganisha vipande vitatu vya mwanzo, kina cha bahari kinachoufunga kila ubeti kutoka mwanzo wa utenzi hadi mwisho wake, na maana ya beti zilizotangulia. Yote hayo msomaji huyabeba kichwani kwa pamoja. Mtu akibisha hodi nikiwa katikati ya ubeti, hasara yangu si zile dakika chache za kusalimiana naye. Ule ulinganisho wote niliokuwa nimeushika huanguka, na nikirudi sina budi kurejea beti kadhaa nyuma ili niushike upya.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu pia. Mwaka 2009 Sophie Leroy alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anayehamishwa kutoka kazi ambayo hajaimaliza huacha sehemu ya mawazo yake kule alikotoka, na kazi ya pili huifanya kwa upungufu. Mwaka mmoja kabla yake, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine na wenzake waliwapa watu kazi ya kujibu barua pepe, baadhi yao wakikatizwa na wengine wakiachwa waendelee. Waliokatizwa walimaliza mapema zaidi, lakini walieleza kuwa na mfadhaiko mwingi zaidi na kuhisi kuharakishwa. Naliona hili kuwa la maana kwetu, kwa sababu siku ya kukatizwa sana humpa mtu hisia ya kuwa ametenda mengi, na huenda kweli mambo mengi madogo yamekwisha, kumbe gharama imelipwa na moyo wake.

Sasa nije kwenye wakati. Lamu iko kama digrii mbili na robo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu mrefu kabisa haumzidi mfupi kabisa ila kwa robo saa hivi katika mwaka mzima. Adhuhuri hutembea baina ya saa sita na saa sita na nusu, na alfajiri huingia karibu na saa kumi na moja, iwe msimu wa pepo za kaskazi au za kusi. Kutoka swala ya alfajiri hadi ya adhuhuri ni muda wa saa saba hivi, na hakuna nafasi nyingine ya mchana inayoukaribia: kutoka adhuhuri hadi alasiri ni kama nusu yake, na kutoka magharibi hadi isha ni saa moja na kidogo. Anayepanga kazi nzito baada ya adhuhuri ameichagua sehemu ya siku iliyokatwa vipande vipande, tena yenye joto, na ndiyo sehemu ambayo mji mzima huitumia kutembeleana.

Tena mwanzo wa nafasi hiyo ndefu una ulinzi wake. Baada ya swala watu hurudi nyumbani, wengine hupitia kununua mahamri na mbaazi, na mpaka kama saa mbili asubuhi hakuna mtu mwenye adabu anayebisha hodi kwa mwenziwe isipokuwa pana msiba, ugonjwa au haja kubwa. Mimi huanza mara nitokapo msikitini, wala sisubiri chai. Kufikia saa tatu kazi ngumu ya siku hiyo huwa imekwisha, na inayobaki ni kusafisha nilichokiandika, kazi inayovumilia kukatwa.

Kuhusu mahali, tunayo nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu hupangwa ili mgeni aingie hatua kwa hatua: kwanza daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na baraza zake, kisha tekani, ukumbi wa ndani uliogeuzwa pembeni ili mpita njia asione ndani, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, vile vyumba virefu vya kukaa, na nyuma kabisa vyumba vya ndani vilivyo kimya na baridi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita. Lakini mahali ninapopasifu zaidi ni sabule, kile chumba kilicho karibu na mlango, ambacho katika nyumba nyingi kina ngazi yake. Kilikuwa cha mgeni wa kiume, mathalani mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za kaskazi na kungoja kusi ndipo arejee kwao, apate kukaa muda mrefu bila yeye kuingia katika maisha ya wenye nyumba wala wao kuingia katika yake. Mahitaji ya mgeni yule ndiyo mahitaji ya mtu anayefanya kazi ya kichwa leo. Nimeziona sabule zilizojazwa viti vibovu na mapipa matupu huku mwenye nyumba akitafuta kibali cha kugawanya msana kwa ukuta mpya, na hilo si jambo jepesi katika mji mkongwe ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ondoa mapipa, weka meza.

Nisiwakataze watu kwenda kwingine, lakini mahali pa wazi pana shida zake. Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya ngome, ni pazuri, ila hapo utakutana na kila unayemjua. Msikitini pana utulivu na mtu anaweza kusoma, ila kazi ya malipo na mapatano ya biashara hayapafai. Kijiji cha Shela ni mwendo wa dakika arubaini hivi kwa miguu, na asubuhi yako huishia njiani.

Linalobaki ndilo kubwa. Watu hawabishi hodi kwa kupenda kusumbua. Wanabisha kwa kuwa hawajui ni lini watakupata, na kila mmoja anaona ajaribu sasa. Baada ya alasiri mimi hukaa barazani kwangu, kila siku, mpaka magharibi ikaribie. Mwenye barua ya kusomewa, mwenye shauri, mwenye habari ya harusi, wote wanajua nipo. Nilipoanza kukaa hapo bila kukosa, hodi za asubuhi zilipungua zenyewe, na sikumwambia mtu yeyote asije. Anayejifungia siku nzima na baada ya alasiri pia asionekane, watu watamtafuta saa zote, nao watakuwa na haki.

Mwalimu wa Malindi

Wa alaikum salaam, Bwana Mkaazi. Nimeusoma uzi wako wote na mengi nayakubali, hasa lile la saa inayojulikana. Lakini niruhusu niseme kwa heshima kwamba alfajiri uliyoieleza ni alfajiri ya mwanamume. Wewe unatoka msikitini ukapanda sabule. Mimi wakati huo nawasha jiko, naamsha watoto, natafuta soksi, nakagua daftari ambalo lilipaswa kutiwa sahihi jana, na kabla ya saa moja wote wawe wametoka na mimi niwe njiani kwenda kufundisha. Hodi ikibishwa chini ukiwa juu, kuna mtu anayeijibu. Mtu huyo ni nani, naye saa yake ya kufanya kazi bila kukatizwa iko wapi?

Pia nyumba zetu hazifanani. Malindi ina mji wa kale pale Shela yetu karibu na Msikiti wa Juma, lakini wengi tunaishi katika vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja, kuta nyembamba, redio ya jirani ndiyo redio yako, na tuktuk hazilali. Sabule hatuna.

Mimi naandika tasnifu ya shahada ya uzamili huku nikifundisha, na nitaeleza lililonifaa. Baada ya kujaribu usiku, wakati watoto wamelala na mimi mwenyewe nusu nimelala, nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba ufunguo wa darasa moja la mwisho, niwe nalitumia vipindi vikiisha, kabla bawabu hajafunga lango. Darasa tupu ni mahali pazuri mno pa kufanyia kazi, na sijui kwa nini hatulisemi. Lina meza, lina ubao mpana wa kupangia sura za tasnifu, lina madirisha pande mbili, na watu wote wanaonijua wanaamini kwamba nimo kazini, kwa hiyo hakuna anayepiga simu. Ubaoni huandika swali moja tu la siku ile, na sifungi kitabu mpaka niwe nimeandika sentensi ya kuanzia kesho.

Lakini darasa lisingewezekana bila mama mkwe wangu. Nilikaa naye, sikumtumia mtu, nikamweleza kazi yenyewe ni nini, itachukua muda gani, na ni siku zipi namwomba awapokee watoto wakitoka chuoni, yaani madrasa. Mama alitaka kuona nilichokuwa nikiandika. Nilimsomea kurasa za mwanzo kwa Kiswahili, naye tangu siku hiyo ndiye anayewaambia wageni kwamba mkwe wake hayupo mpaka jioni. Nadhani wengi wetu tunaomba muda bila kueleza wa nini, ndiyo maana hatupewi.

Mkaazi wa Mkomani

Dada Mwalimu, swali lako ni la haki na linastahili jibu wazi. Kwetu hodi ya asubuhi hujibiwa na mama watoto mpaka saa tatu. Kuanzia saa tatu hadi adhuhuri mlango ni wangu, na jiko pia likihitaji mtu. Yeye huwa msana wa ndani na kofia yake. Anashona kofia za vito, na anayezijua anajua kwamba matundu yale madogo hupangwa kwa kufuata mchoro, na tundu moja likihama, safu nzima huonekana imepinda. Kazi yake haivumilii kukatwa kama vile yangu isivyovumilia, tena macho yake yanataka mwanga wa mchana, mimi taa inanitosha. Ndiyo sababu saa zake ni zile za jua. Watoto wakirudi alasiri huwa nami barazani.

Uliyoyasema yanaongeza jambo ambalo uzi wangu haukulibeba: saa ya kazi katika nyumba ni ya kupatana. Na hapo pa kumsomea mama mkwe kurasa, Mwalimu, nimepasoma mara mbili. Mtu aliyeonyeshwa kazi huilinda.

Kijana wa Langoni

Maalim, shikamoo. Mimi nimepanga chumba kimoja, sina daka wala baraza, na hodi za mlangoni kwangu ni chache. Kinachonikatiza ni simu. Nahariri maandishi ya wateja walioko nje, na kwa muda mrefu niliamini kwamba lazima nijibu kila ujumbe mara tu unapoingia, nisije nikaipoteza kazi.

Nilipoketi na kuzipanga saa nikaona mambo hayako hivyo. Ofisi za London zikifunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa zao, kwetu ni saa sita mchana katika majira yao ya baridi na saa tano katika majira yao ya joto. New York ikiingia saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi wakisogeza saa zao. Maana yake ni kwamba asubuhi yote ile unayoisifu, Maalim, wateja wangu wamelala. Jumbe za asubuhi ni za makundi: kundi la mtaa, la harusi, la waliosoma pamoja, la timu ya mpira. Kwa hiyo nimeifuata kanuni yako ya baraza. Katika makundi yote nimeandika kwamba najibu baada ya adhuhuri na baada ya isha, na mwenye dharura apige simu mara mbili mfululizo. Simu huiacha ndani ya sanduku la nguo, sauti ya miito pekee ikiwa wazi. Waliopiga mara mbili mpaka sasa ni wachache, na wote walikuwa na sababu.

Ninalotaka kuuliza ni kuhusu misimu. Mwezi wa Maulidi na mwezi wa Ramadhani ratiba zote huvunjika. Unafanyaje?

Fundi wa nakshi, Lamu

Nami niongeze la upande wetu. Karakana yangu inafunguka njiani, punda wanapita mlangoni na shehena za mchanga, watalii wanasimama kutazama, na siwezi kufunga kwa sababu wanaosimama ndio wanunuzi. Ningengoja utulivu nisingetoa hata mlango mmoja.

Njia yetu ni kuzigawa kazi kwa namna zinavyovumilia watu. Kupiga randa, kusugua kwa msasa na kupaka mafuta ni kazi za kuzungumza, na hizo naziweka saa ambazo njia imejaa. Kuchora nakshi kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili za mlango, si kazi ya kuzungumza. Mchoro unaanza chini na kupanda juu, na mkono ukipoteza nafasi katikati, maua ya juu hayatalingana na ya chini. Na ukishaanza patasi kwenye mbao ngumu ya mbambakofi huwezi kurudisha kilichotoka. Mfaa nauchora Ijumaa asubuhi, mlango umerudishwa nusu, kwa sababu Ijumaa watu wanajitayarisha kwa swala na njia hutulia mapema. Mlango ukiwa nusu, majirani wanajua nipo na wanajua nachora, nao hupita na salamu bila kusimama. Wanagenzi wangu nawafundisha alama hiyo kabla sijawapa patasi.

Mkaazi wa Mkomani

Marahaba, kijana wangu. Fundi, ahsante sana. Mlango uliorudishwa nusu unanifaa hata mimi, maana sabule yangu ina dirisha la njiani, nami nitalitumia vivyo hivyo.

Kuhusu misimu. Ramadhani kwangu ndiyo mwezi bora wa kazi, ingawa wengi hudhani ni kinyume. Baada ya tarawehe mji huwa macho mpaka daku, na wengi hulala baada ya alfajiri, maduka yakachelewa kufunguliwa. Asubuhi hiyo ni kimya kuliko asubuhi ya mwezi mwingine wowote. Anayeweza kulala mapema baada ya tarawehe na kuamka kwa daku ataipata yote. Uzito huja baada ya adhuhuri, na hapo sipangi lolote isipokuwa kusoma.

Maulidi ni habari nyingine. Wageni huja kutoka pwani nzima na kutoka ng'ambo, nyumba hujaa, sabule hurudia kazi yake ya asili, na usiku watu wako Msikiti wa Riyadha. Sijaribu kufanya kazi siku hizo na sioni kwamba zimepotea. Kazi ninayopaswa kuitoa mwezi huo huimaliza mwezi wa Safar, na wanaonipa miswada huwaambia mapema. Kijana, wateja wako hawana kalenda yetu, kwa hiyo waandikie wiki chache kabla, uwape tarehe kamili. Hilo watalielewa kuliko kuona kimya.

Kaskazi, tangu Disemba hadi Machi, vyumba vya chini huwa na joto, na wengine hupenda kupanda juu chini ya makuti. Pana upepo mzuri, lakini mambo mawili yaangaliwe. La kwanza ni karatasi: muswada wa asili usipandishwe huko kabisa, pelekeni nakala. La pili ni majirani, kwa kuwa ukiwa juu unaona viwanda vya nyumba nyingine, na mwanamume anayekaa huko asubuhi nzima anawazuia wanawake wa nyumba tatu wasitoke kuanika nguo. Mimi huwajulisha kwanza, na nimetundika jamvi upande wa kwao. Wakihitaji juu kwao kwa kazi, hunipigia kelele chini, nami huteremka.

Mwalimu, ukiwa na nafasi, tueleze tafadhali shule zikifungwa Agosti na Disemba unafanyaje. Watoto wako nyumbani, Malindi imejaa wageni, na sijui kama ufunguo wa darasa bado unao.

Mwalimu wa Malindi

Ufunguo ninao, Bwana. Nilimwomba mwalimu mkuu kabla shule hazijafungwa, naye akaniandikia barua ya kumwonyesha bawabu. Likizo nakwenda Jumanne na Alhamisi asubuhi tu, na watoto wawili wakubwa nakwenda nao; wanakaa darasa la pili yake na vitabu vyao, na mlango wa katikati tunauacha wazi.